Chipu Saba za Makofi

Suruali ya mgawa karata haina mifuko. Wengi hawalijui hilo, na sioni kwa nini walijue, lakini mimi limenilisha zaidi ya miaka ishirini. Kasino inanunua suruali nyeusi za dukani, za mifuko miwili mbele na miwili nyuma. Zinaletwa kwangu ndani ya gunia, nami nakata kila mfuko kwa ndani, naushona mdomo wake mara mbili, kisha napiga pasi mpaka mtu asijue kwamba palikuwa na mfuko. Mikono ya shati naibana kwenye kifundo isipite hata karanga. Mtu mzima mwenye kibali cha serikali akishavaa nguo hizo hana pa kuweka hata leso. Ndivyo wenye nyumba wanavyotaka.

Nguo hizo ndizo zilizoniletea mume. Alikuja kupimwa na wenzake kumi na mmoja, kijana mrefu wa vidole virefu, akavaa suruali, akajigeuza mbele ya kioo, akapapasa mapajani akitafuta pa kutia mikono.

"Sasa fundi," akaniuliza, "mikono niiweke wapi?"

"Iweke pale itakapoonekana," nikamwambia.

Wenzake walicheka, yeye akacheka wa mwisho. Wiki iliyofuata alirudi na kisingizio cha kifungo kilicholegea. Hakikuwa kimelegea. Nilikishona kwa mkono wangu, nakijua. Tulioana kabla mwaka haujaisha, na mpaka leo ananiita Fundi. Mimi namwita baba watoto, ingawa mtoto tulijaliwa mmoja tu.

Mtaani walimwita Makofi. Mgawa karata akiinuka mezani, kanuni inamtaka apige kofi moja dogo, asugue viganja, kisha afungue mikono na kuigeuza juu na chini, ili kamera iliyoko darini ione kwamba haondoki na kitu. Alifanya hivyo mara nyingi kwa siku hadi ikamwingia kwenye damu. Akimaliza kula, kofi, viganja juu, viganja chini. Akiinuka kwenye kiti cha kinyozi, vilevile. Siku tuliyofunga ndoa alipiga kofi baada ya kutia sahihi kwenye cheti, msajili akadhani anashangilia. Jirani mmoja mgeni alisikia hilo jina, akaja kuniuliza kwa sauti ya chini kama mume wangu ananipiga. Nikamwambia hajawahi kunigusa, makofi yake yote anapigia kamera.

Kazi yake ilikuwa kwenye ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Mle walicheza poka. Katika poka wachezaji wanashindana wao kwa wao, na nyumba inamega kipande kidogo kwenye kila dau. Fedha haziwekwi mezani. Unanunua chipu kwenye dirisha la keshia, vile vidude vya duara vya rangi rangi, unacheza navyo, ukimaliza unavipeleka dirishani upewe fedha zako, kama zimebaki. Makofi alizisukuma chipu hizo, akazipanga na kuzitenganisha kwa vidole bila kuzitazama, huku macho yake yako kwa wachezaji. Aliniambia kwamba kidole cha shahada kinajua chipu ishirini ni urefu gani kuliko jicho. Nilimwelewa, maana na mimi nakata pindo la sentimita mbili bila futi.

Ukumbi wa kwanza uliitwa Nyota Saba. Ulidumu miaka mitano, kisha mwenyewe akagombana na watu wa kodi, ukafungwa. Tangazo lilibandikwa mlangoni: mwenye chipu azilete dirishani ndani ya siku kumi na nne, baada ya hapo hazitakuwa na thamani. Makofi akakabidhi sare zake, akavaa suruali yake ya nyumbani, ile yenye mifuko, akashuka kwa ngazi za nyuma zinazotumiwa na wafanyakazi. Akazunguka jengo zima, akapanda tena kwa ngazi za mbele, zile za zulia, ambazo kwa miaka mitano hakuwahi kuzikanyaga. Akasimama kwenye foleni ya watu waliokuja kubadilisha chipu zao ziwe fedha. Yeye peke yake ndiye aliyetoa fedha akaomba chipu. Alinunua moja, nyekundu, ndogo kuliko zote kwa thamani, akasema asante, akaja nayo nyumbani.

Nilimpigia kelele. Hana kazi, mtoto ana miaka mitatu, na yeye ananunua kipande cha plastiki ambacho baada ya wiki mbili hakitanunua hata kiberiti. Alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Miaka mitano nimezisukuma, Fundi," akasema. "Zimepita maelfu kwa maelfu chini ya mkono huu, na hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Nilitaka moja iwe yangu. Moja tu, na niwe nimeilipia."

Nilikasirika zaidi kwa sababu nilimwelewa. Nikampa kisanduku changu cha nyuzi, cha mbao, akaiweka humo.

Ukumbi ulikaa miezi minane umefungwa, halafu ukafunguliwa na tajiri mwingine. Ngazi zilezile na meza zilezile, zulia jipya, kibao kipya mlangoni: Jicho la Paka. Makofi akaenda kupanga foleni ya usaili na vyeti vyake vilevile, akaulizwa kama anajua kugawa karata, akajibu anajua, akarudishwa kwenye kiti chake cha zamani. Mimi nikaletewa gunia la suruali. Huo ndio ulikuwa ukumbi mzuri kuliko yote. Ulidumu miaka saba, tukanunua friji na tukaezeka upya chumba cha nyuma. Ulipofungwa akanunua chipu ya pili, ya kijani, kwa utaratibu uleule: sare mezani, ngazi za nyuma, kuzunguka, ngazi za mbele, foleni. Kitambaa cha kijani cha meza walikitupa uani, mimi nikakiokota nikaivika meza yangu ya kupigia pasi.

Wa tatu ulijiita Bahati Mpya, na bahati yenyewe haikufika miezi mitano. Mwenye ukumbi aliondoka siku ya Alhamisi na masanduku mawili, Ijumaa wafanyakazi wakakuta kufuli. Hapakuwa na dirisha la kununulia chochote. Makofi alimtafuta dereva mmoja wa teksi aliyebakiwa na chipu kumi na tisa mfukoni, akamwomba amuuzie moja. Dereva akacheka mpaka akakohoa, akasema chukua zote, ni takataka hizi. Mume wangu akakataa katakata. Alichukua moja, akailipia bei iliyoandikwa juu yake, na yule dereva akamwona hana akili. Na mimi nilimwona hivyohivyo, sitaki kudanganya.

Mama mkwe wangu ndiye aliyetuchekesha. Alisikia kwamba mwanawe anakusanya chipu, yeye akasikia chipsi. Akanivuta jikoni akaninong'oneza, "Mkwe wangu, kama ana njaa aje ale kwangu. Asifiche chipsi kwenye sanduku, atawaletea panya." Nilimweleza mara mbili kwamba hizi haziliwi. Mara ya pili akaniuliza kama haziliwi, zinamsaidia nini.

Na kumbi zikaendelea hivyo. Mmoja ulifungwa kwa sababu paa lilivuja juu ya meza kubwa. Mmoja benki iliuchukua. Mwingine hata hakuna aliyetuambia ulifungwa kwa nini, ulifungwa tu, na ulipofunguliwa kilichobadilika kilikuwa kibao na rangi ya vizibao nilivyovishona. Kila ukifungwa tulikaa miezi tukila kwa cherehani yangu, Makofi akipiga pasi na kufungua milango ya wateja wangu kama yuko kazini. Kila ukifunguliwa aliambiwa yeye, mwenye uzoefu wote ule, kwamba ataanza upya, mshahara wa mwanzo. Kila meneja mpya alimwahidi cheo cha usimamizi wa meza. Kila mmoja. Mimi niliacha kuuliza, yeye hakuacha kuamini.

Chipu zikafika saba. Tano kati ya hizo aliuziwa na keshia mmoja, mwanamke wa makamo ambaye naye alikuwa akifungwa na kufunguliwa pamoja na ukumbi. Tulimwita Mama Dirisha. Alimzoea Makofi, akimwona kwenye foleni siku ya mwisho anamwekea chipu iliyo safi. "Yako hii hapa, haina mkwaruzo." Mume wangu hakuwahi kupewa risiti, maana chipu haina risiti. Ukinunua chipu, chipu yenyewe ndiyo risiti.

Mwaka jana ukumbi ulifunguliwa kwa mara ya nane. Safari hii waliingia watu wa kampuni kubwa. Waliweka lifti, vioo na mashine ya kahawa, wakaajiri wagawa karata arobaini. Mimi nikapewa oda ya sare zote, kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Meneja alikuwa kijana wa suti ya kubana, mtu wa tabasamu asubuhi, tabasamu jioni, hata akikunyima kitu anakunyima akitabasamu. Makofi alikuwa na miaka hamsini na tatu. Mgongo ulikuwa umeanza kugoma, na macho yalimlazimu kuinamia karata. Alihitaji kile cheo, kwa sababu msimamizi hakai saa nane amepinda, anatembea kati ya meza na kutazama. Meneja akamwahidi kwamba ukipita mwezi mmoja wa majaribio, cheo ni chake. Akaliandika hilo. Mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili, ahadi ilikuwa kwenye karatasi.

Wiki ya tatu meneja akaitisha kikao cha wafanyakazi. Akasema nyumba hii ina historia, na kampuni inataka kuiweka historia hiyo ukutani, kwenye kabati la kioo pale mapokezi. Mwenye kitu chochote cha zamani cha humu ndani akilete.

Makofi alirudi nyumbani anatembea kama bwana harusi. Alikaa uani na mswaki mkuukuu, akazisugua chipu moja moja kwa maji ya sabuni, akazianika kwenye taulo.

"Wapelekee picha," nikamwambia. "Zipige picha, picha ndiyo uwape."

"Chipu si picha, Fundi."

"Ni zako hizo. Ukishazitoa hazirudi."

"Wameuliza historia. Historia anayo nani zaidi yangu?"

Sikubishana sana. Nilikuwa na suruali kumi na sita juu ya meza na siku nne za kuzimaliza. Nikamshonea kifuko cha kitambaa cha bitana, akazitia humo, akaenda nazo.

Alinisimulia jioni ile. Alizipanga mezani kwa meneja kwa mfuatano wa miaka, kutoka Nyota Saba mpaka ya mwisho, akazieleza moja moja. Alipomaliza akainuka, na bila kufikiri akapiga lile kofi lake, akamwonyesha viganja. Meneja akatabasamu. Akamuuliza swali moja tu: alizipataje. Makofi akaeleza kila kitu, ngazi za nyuma, ngazi za mbele, foleni, dereva wa teksi. Alieleza kwa furaha, maana katika miaka yote hiyo hakuna mkubwa aliyewahi kumuuliza.

Asubuhi yake alizuiwa mlangoni na mkuu wa ulinzi. Mgawa karata haruhusiwi kuwa na chipu nje ya meza, akaambiwa, na kampuni ilinunua jengo pamoja na mali zote za kumbi zilizotangulia, zikiwemo chipu zote zilizoko nje. Kwa hiyo alikuwa na mali ya kampuni nyumbani kwake. Akasimamishwa kazi mpaka jambo lishughulikiwe. Sijui kama meneja alipanga hayo tangu mwanzo. Sidhani. Nadhani aliona mlango uko wazi, akakumbuka kuna kijana wake aliyekuja naye anayetafuta cheo, akapita.

Makofi hakutaka kumsumbua Mama Dirisha. Alisema mama wa watu ameshika kazi mpya, mkuu wa makeshia, asiingizwe kwenye matope. Nikaenda mimi. Nilimkuta kwake anafua. Aliniletea kiti, akaniletea chai, akanisikiliza hadi mwisho, na nikaona anayo kila siku kichwani mwake, chipu kwa chipu.

"Shoga yangu," akasema, "mimi nakumbuka. Lakini mbele ya watu sitakumbuka."

"Neno moja tu, mama. Useme ulimuuzia."

"Nimebakiza miaka mitatu nipate kiinua mgongo. Wewe ungesema?"

Niliondoka na hasira. Njia nzima nilimtukana kimoyomoyo kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Leo sina haki ya kumtukana, lakini siku ile nilidhani ninayo.

Siku mbili baadaye mkuu wa ulinzi alimwita Makofi akampa karatasi. Akamwambia aisaini, jambo liishe, Jumatatu arudi kazini. Makofi hakuisaini palepale. Aliileta nyumbani, akaiweka juu ya meza yangu ya kukatia, kati ya mkasi na chaki. Ilikuwa mistari minne iliyopigwa chapa. *Mimi niliyetia sahihi hapa chini narejesha kwa kampuni chipu saba ambazo ni mali ya kumbi zilizotangulia.*

"Soma hilo neno," akaniambia.

"Nimelisoma."

"Narejesha. Mtu anarejesha kitu alichochukua. Mimi sikuchukua, mimi nimetoa. Nataka nikate hapa niandike natoa."

"Watakubali?"

"Nimemuuliza. Amesema karatasi haikatwi. Ama sahihi, ama barua ya kufukuzwa."

Nilimtazama. Mezani kwangu kulikuwa na sare ishirini ambazo sijazimaliza, za kampuni hiyohiyo. Binti yetu alikuwa mwaka wa pili wa ualimu na ada ya muhula ilikuwa inasubiri sare hizo. Miaka ishirini na miwili nimeishi roho juu juu, ukumbi ukifungwa nashika moyo, ukifunguliwa nashika moyo, na sasa kwa mara ya kwanza kuna kampuni isiyokimbia na masanduku, na huyu mtu anataka kugombana nayo kwa sababu ya kitenzi.

"Natoa, narejesha, tofauti yake nini?" nikasema. "Si zimeshatoka mkononi mwako?"

"Tofauti yake ni mwizi, Fundi."

"Nani anakuita mwizi? Wewe mwenyewe ndiye unayejiita. Wao wamesema jambo liishe. Hilo neno litakutoa damu? Litakuvunja mguu? Weka sahihi, baba watoto, urudi kazini. Nimechoka."

Akasema, kwa upole, kwamba tangu aanze kazi hii hajawahi kuinuka mezani bila kuonyesha mikono, na kwamba akisaini hapo atakuwa anakanusha mikono yake. Mimi nikamjibu jambo ambalo nilifurahi nalo kwa sekunde moja. Nikamwambia mikono haijawahi kulipa ada.

Akachukua kalamu yangu ya kuandikia vipimo, akatia sahihi. Nilikunja karatasi mwenyewe, nikamtilia kwenye bahasha ili isichafuke.

Jumatatu alirudi kazini, akagawa karata siku tisa. Siku ya kumi akaitwa ofisini, akaambiwa kwamba kwa mujibu wa sheria kampuni inalazimika kupeleka nakala ya tamko lolote la namna hiyo kwa bodi ya michezo ya kubahatisha, wanaotoa vibali. Si sisi, wakamwambia, ni sheria. Meneja alitabasamu hata hapo. Cheo cha usimamizi wa meza kilikuwa kimeshapewa yule kijana wake, na siku nilipopeleka sehemu ya sare niliziona chipu ukutani mapokezi, ndani ya kioo, zimemulikwa taa. Chini yake pameandikwa "Mkusanyo wa Kampuni". Zilikuwa zimepangwa ovyo. Ya mwisho iliwekwa ya kwanza, na ile ya dereva wa teksi ilikuwa imegeuzwa kichwa chini. Nilisaini hati ya kukabidhi sare, nikashuka na lifti.

Bodi ilimwita baada ya wiki tatu. Kwa mgawa karata kibali ni kila kitu. Kikifutwa kwa tuhuma ya wizi hakuna ukumbi utakaomchukua, uwe umefungwa, uwe umefunguliwa, uwe umebadilisha kibao mara mia. Niliruhusiwa kuingia naye na kukaa nyuma. Kilikuwa chumba kidogo cha ofisi, makabati ya chuma, feni inayolia, na watu watatu nyuma ya meza. Mkubwa wao alikuwa mwanamke wa miwani, mchovu, mwenye sauti ya kistaarabu. Kampuni ilimtuma mkuu wa ulinzi, naye akaja kukaa kwenye kiti kilichokuwa wazi, kando yangu. Akanisalimia kwa adabu. Akaniuliza kwa kunong'ona sare zilizobaki zitakuwa tayari lini.

"Ijumaa," nikamwambia.

Yule mama wa miwani alimwachia Makofi aeleze. Alieleza vizuri, pole pole, kama alivyonieleza mimi, na kama alivyomweleza meneja. Mama akawa anaandika. Niliona anamwamini. Nilikuwa nimekaa nyuma lakini niliona, na moyo ukaanza kutulia. Halafu akaichukua ile karatasi yetu.

"Mzee wangu, maelezo yako ni mazuri," akasema. "Lakini hapa umetia sahihi kwamba unarejesha. Mtu harejeshi kitu chake. Kama ulizinunua, kwa nini hukuandika unatoa?"

Makofi akaitazama karatasi.

"Nakuuliza kwa faida yako," mama akaendelea. "Kama kuna mtu alikulazimisha, au alikushauri ukubali neno hili hali wewe ulilikataa, sema sasa. Tutamsikiliza na tutaliangalia upya. Yupo mtu wa namna hiyo?"

Aliinua uso kutoka kwenye karatasi akatutazama sote chumbani, nami nikiwemo. Alisubiri. Nina hakika alisubiri, kwa sababu feni ilizunguka na kulia mara nyingi kabla mtu hajasema kitu. Nilikuwa na mdomo. Nilichohitaji ni kusimama na kusema: ni mimi, alitaka kulikata, nikamkataza. Maneno hayafiki kumi. Bega la mkuu wa ulinzi lilikuwa linagusana na langu, na mimi nilikuwa nafikiria Ijumaa.

"Hapana, mama," Makofi akasema. "Hakuna mtu. Nilisoma, nikaelewa, nikasaini."

Hakugeuka nyuma kunitazama. Mama wa miwani akatikisa kichwa, akaandika mstari mmoja, akamwomba kibali. Makofi akakitoa mfukoni mwa shati, akakiweka mezani. Kikapigwa mhuri wa kufutwa, nacho kikabaki kwao.

Tulipofika nje aliniuliza kama nina nauli. Nikamwambia ninayo. Sare nilizipeleka Ijumaa, na nililipwa palepale, na ada ikalipwa. Hajawahi kuligusa jambo hilo tangu siku hiyo, wala kwa utani, wala siku tulizogombana kwa mambo mengine. Ningeshukuru angenitukana. Wateja wangu wakimkuta anapiga pasi mchana kutwa wananiuliza kulikoni, mbona haendi kazini siku hizi. Nawaambia amestaafu. Naye akiwa hapo hapo na pasi yake, anaitikia bila kuinua macho: ndiyo, nimestaafu.